Hiyo Chupa Unayouziwa Voi Ina Historia ya Miaka Mia Moja

Leo tunaongelea kitu ambacho wanaume wengi wa Taita Taveta wanakiongelea kwa sauti ya chini, tena usiku, tena wakishapiga mbili tatu: kupata mtoto. Au tuseme ukweli, kukosa.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio usimalize bando ukingoja. Vidonge vya kuongeza mbegu za kiume vimezaliwa na sayansi ya kweli, sayansi safi kabisa. Shida ni kwamba biashara haikungoja sayansi imalize kuongea. Na majibu yalipokuja, mwaka 2020, huku kwetu hayakufika. Kilichofika ni chupa.

Tembea Voi jioni utaona. Kemisti wana makopo yenye picha ya mwanaume mwenye kifua. Mwenye meza ya mitishamba ana mizizi na unga kwenye karatasi. Kwa simu yako kuna msee anakuahidi "watoto ndani ya siku saba". Wote wanakuuzia wazo moja, na wazo lenyewe lina umri wa miaka mia moja na kidogo. Twende nyuma tuone lilitoka wapi.

Panya wa California

Mwaka 1677, huko Delft, Uholanzi, muuza vitambaa mmoja anaitwa Antonie van Leeuwenhoek aliweka shahawa chini ya kioo cha kukuza akaona vitu vidogo vyenye mkia vinaogelea. Hapo ndipo binadamu aliona mbegu ya kiume kwa macho mara ya kwanza. Lakini kuona si kuelewa. Ilichukua karibu miaka 250 zaidi mtu aulize: je, chakula kinaweza kuharibu hivi vitu?

Mwaka 1922, Berkeley, California, Herbert Evans na Katharine Scott Bishop walikuwa wanalisha panya chakula cha maabara ambacho kilikuwa na kila kitu kilichojulikana wakati huo. Panya walinenepa, walikuwa na afya, lakini hawakuzaa. Majike walishika mimba zikaharibika. Madume baadaye wakagundulika korodani zao zinanyauka. Wakapewa majani ya letasi, kisha kiini cha ngano, na uzazi wa majike ukarudi. Hicho kitu kilichokosekana ndicho leo tunakiita vitamini E. Jina lake la kitaalamu, tokoferoli, linatoka kwa Kigiriki, na maana yake ni kitu kinachobeba uzazi.

Sasa fikiria wewe ni mfanyabiashara miaka hiyo na unasikia kuna vitamini ambayo jina lake lenyewe ni uzazi. Si umeshapata tangazo tayari? Mafuta ya kiini cha ngano yakaanza kutumika kwa watu waliokosa watoto, kabla mtu yeyote hajathibitisha kwamba binadamu anayekula kawaida anaishiwa na vitamini E kama wale panya. Na kwa kweli ni nadra sana. Panya wale walikuwa wamenyimwa makusudi. Wewe unakula mahindi, maharagwe, mchicha na kimanga cha nyanyako. Hujanyimwa.

Hilo ndilo kosa la kwanza kwenye hii stori, na limerudiwa mara nyingi: mnyama aliyenyimwa kitu akirudishiwa anapona, basi tunaamini binadamu ambaye hajanyimwa akiongezewa atakuwa simba.

Kutu

Sura ya pili ndiyo tamu. Kuna reli ya zamani kutoka Voi kwenda Taveta, ile ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliijenga wakapambane na Wajerumani kule mpakani. Chuma kikiachwa nje na hewa na maji, kinashika kutu. Oksijeni inakila. Sasa shika hilo wazo la kutu.

Mwaka 1943 mtafiti wa New York, John MacLeod, aliweka mbegu za kiume kwenye mazingira yenye oksijeni nyingi. Ungetarajia zifurahie, si ni hewa? Wapi. Zilipoteza mwendo. Alipoongeza kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi, zikaendelea kuogelea. Maana yake nini? Mbegu ikitumia oksijeni inatoa takataka, na takataka hizo zinaichoma yenyewe.

Mwaka 1956 Mmarekani mwingine, Denham Harman, akasema hata kuzeeka kwa mwili mzima kunatokana na takataka za aina hiyo, zinazoitwa radikali huru. Mwaka 1979, Jones, Mann na Sherins wakaonyesha mafuta yaliyo kwenye ngozi ya mbegu yanaoza kwa oksijeni na kuwa sumu kwa mbegu hiyo hiyo. Mwaka 1987, John Aitken na mwenzake Clarkson huko Edinburgh wakaonyesha mbegu za wanaume wenye shida ya uzazi zinaweza kutoa radikali huru kupita kiasi.

Na mbegu iko kwenye hatari kuliko seli nyingine. Imepunguza mizigo ndio iogelee haraka: haina akiba kubwa ya vifaa vya kujikarabati, na ngozi yake imejaa mafuta yanayoshika kutu upesi. Ni kama nduthi iliyotolewa kila kitu ndio ikimbie. Inakimbia, ndio, lakini ikianguka haina kitu cha kuikinga.

Kwa hivyo mtu akikuambia kutu inaharibu mbegu, hakudanganyi. Ni kweli. Vitu vinavyozuia kutu hiyo ndivyo vinaitwa antioksidanti: vitamini C, vitamini E, seleniamu, zinki, karnitini na wenzao. Hata mwili wako unajua. Majimaji ya shahawa yana vitamini C mara nyingi kuliko damu.

Basi ikawa rahisi kusema: kama kutu ndiyo adui, meza dawa ya kutu. Inaingia akilini, si ndio? Shida ni kwamba mwili si reli. Mbegu inahitaji hizo radikali huru kidogo ndio iweze kukomaa na kupenya yai. Ukizima moto wote jikoni, hakuna ugali. Kwa hivyo swali halikuwa kama kutu ipo. Swali lilikuwa: mwanaume akimeza vidonge, mtoto anazaliwa?

Biashara ilitangulia

Hapo ndipo mambo yakaenda mrama. Kupima kama mtoto anazaliwa kunachukua miaka na pesa nyingi. Kupima kama mbegu zimeongeza mwendo ni wiki chache. Kwa hivyo tafiti nyingi zikawa ndogo, za wanaume 30, wanaume 60, zikiangalia mbegu kwenye kioo na si mtoto mikononi. Nyingine hazikuwa hata na kundi la kulinganisha la waliopewa vidonge bandia. Na mbegu za mwanaume yule yule zinapanda na kushuka zenyewe kila mwezi. Ukipima siku mbaya, ukampa kidonge, ukapima tena, kuna uwezekano mkubwa zitakuwa zimepanda hata kama ulimpa peremende.

Halafu mwaka 1994 Marekani ikapitisha sheria ya saplimenti. Kwa sheria ile, anayeuza saplimenti halazimiki kuthibitisha kwamba inafanya kazi kabla ya kuiweka dukani. Haruhusiwi kusema inatibu ugonjwa, lakini anaruhusiwa kusema "inasaidia afya ya uzazi". Neno "inasaidia" limelipa kodi za nyumba za watu wengi sana. Makopo mengi unayoyaona yameandikwa kwa lugha hiyo hiyo.

Na kulikuwa na onyo mapema. Mwaka 1994, Ufini, wanaume wavutaji sigara 29,133 walikuwa kwenye utafiti mkubwa wa antioksidanti. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Mwaka 2011, utafiti mwingine wa wanaume zaidi ya 35,000 ukaonyesha waliopewa vitamini E ya dozi kubwa walipata saratani ya tezi dume zaidi, kwa asilimia 17. Sisemi kidonge kimoja kitakuua. Nasema hii kauli ya "ni vitamini tu, haina madhara" imeshajibiwa, na jibu halikuwa lile tulilotaka.

Majibu ya 2020

Januari 2020 utafiti mkubwa kuliko yote ya aina hii ukatoka Marekani. Wapenzi 2,370 waliokuwa wanatafuta mtoto. Nusu ya wanaume walipewa zinki miligramu 30 na asidi foliki miligramu 5 kila siku kwa miezi sita. Nusu nyingine vidonge bandia. Hakuna aliyejua anameza nini.

Matokeo? Waliomeza dawa, watoto walizaliwa kwa asilimia 34. Waliomeza bandia, asilimia 35. Yaani hakuna tofauti. Mbaya zaidi, DNA ya mbegu ilikuwa imekatika katika zaidi kwa waliomeza dawa, asilimia 29.7 dhidi ya 27.2. Na tumbo liliwasumbua zaidi.

Mwaka huo huo utafiti mwingine ukatoa majibu, wa wanaume zaidi ya 170 waliokuwa na matatizo ya mbegu. Hawa walipewa mchanganyiko mzima: vitamini C, E, seleniamu, karnitini, zinki, asidi foliki na likopini ile ya nyanya. Yaani karibu kila kitu unachosoma nyuma ya kopo. Mbegu hazikuboreka, na watoto hawakuongezeka.

Tuwe wakweli hapa. Mwaka 2022 wachambuzi wa Cochrane walikusanya tafiti 90 zenye wanaume 10,303. Walisema huenda antioksidanti zinasaidia baadhi ya wanaume, lakini ushahidi ni dhaifu, na wakiondoa tafiti zilizofanywa vibaya, ile faida ya kuzaliwa watoto inayeyuka. Kwa hivyo mlango haujafungwa kabisa. Lakini kati ya "huenda, kwa baadhi" na "watoto ndani ya siku saba" kuna umbali wa kutoka Voi hadi Malaba.

Huku kwetu: mzizi na jani

Usidhani hii ni stori ya wazungu na makopo tu. Sisi tuna mukombero. Mzizi unatoka Magharibi, pande za Kakamega, na leo unauzwa kila stage ya nchi hii. Sayansi inasema nini? Mwaka 2001 watafiti wa Cameroon waliwapa panya dume mzizi huo kwa muda mrefu. Utengenezaji wa mbegu ukashuka, na ukarudi walipoacha. Mwaka 2008 maabara ya Afrika Kusini ikaweka dondoo la mzizi huo huo kwenye mbegu za binadamu ndani ya kioo, mbegu zikaongeza mwendo. Mmea mmoja, majibu mawili yanayopishana. Anayekuuzia atakutajia la pili tu.

Halafu kuna muguka. Mnakumbuka Mei 2024. Tarehe 23, Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi wakafuata, na hapa kwetu Gavana Andrew Mwadime naye akatoa yake. Rais Ruto akasema marufuku hayo hayana nguvu kisheria, na Mahakama Kuu kule Embu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Kwa jukwaa watu waliongelea vijana, shule na akili. Mtaani mjadala ulikuwa mwingine: wake za watu wakilalamika kwamba mabwana wanatafuna mpaka asubuhi na nyumbani hakuna kitu.

Na hapo sayansi yenyewe iko njia panda. Mwaka 1995 watafiti walilinganisha watafunaji sugu 65 wa jani la jamii hiyo na wanaume 50 wasiotafuna. Watafunaji walikuwa na mbegu chache, dhaifu na zenye maumbo mabaya. Lakini watafiti wetu wa Kenya walipowapa nyani dondoo hilo, kwenye utafiti wa 2006, testosteroni ilipanda. Na kwenye seli za panya, dozi kubwa ikaishusha. Kwa hivyo sikubaliani na anayesema muguka umemaliza wanaume wa Pwani, kama ambavyo sikubaliani na anayesema hauna neno. Ninachoona ni huu mzunguko: msee anatafuna siku nzima, anavuta, halali, hali vizuri, halafu anaenda kununua kopo la antioksidanti kusafisha. Unalipa kushika kutu, halafu unalipa tena kuitoa.

Tusichanganye mambo mawili

Kuna kitu lazima nikiseme polepole. Nguvu za kiume na uwezo wa kuzaa ni vitu viwili. Unaweza kuwa jogoo wa mtaa na mbegu zako zikawa sifuri. Unaweza pia kuwa na shida kitandani na mbegu zikawa nyingi tele. Wauzaji wanavichanganya kwa makusudi, kwa sababu kimoja unakihisi usiku huo huo na kingine huwezi kukihisi kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekamata mara nyingi saplimenti za "asilia" ambazo ndani zimefichwa sildenafili, dawa iliyo kwenye Viagra. Unahisi inafanya kazi, kumbe ni dawa ya hospitali umepewa bila dozi. Mwenye presha au shida ya moyo anaweza kufa.

Na nyinyi wa jimu mnaojidunga testosteroni mkidhani mnaongeza uanaume: mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha majaribio ya sindano za testosteroni kama njia ya kupanga uzazi ya wanaume. Umesoma vizuri. Ya kuzuia mimba. Homoni ikitoka nje, ubongo unaambia korodani zipumzike, na mbegu zinaisha.

Nani analipa

Sasa, kwa nini natumia muda wote huu? Kwa sababu bei ya kopo si shilingi tu.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia shida ya kukosa uzazi maishani. Kwa wanandoa wanaohangaika, upande wa mwanaume unachangia karibu nusu ya visa. Nusu. Lakini hapa kwetu, kuanzia Wundanyi hadi Taveta, ndoa ikikaa miaka miwili bila mtoto, ni nani anaitwa kikao? Ni nani anapelekwa kwa mganga, kwa pasta, kwa hospitali tatu? Ni nani anaambiwa "mwanangu ataoa mwingine"? Mwanamke. Mwanaume ameshika kopo lake kisirisiri, na kwa sababu ameshika kopo anajiona ameshatibiwa. Hajapimwa hata siku moja.

Hapo ndipo kopo linaumiza. Linampa mtu kisingizio cha kutopimwa. Na muda unapita. Mwanaume anaweza kungoja, lakini mayai ya mkewe hayangoji.

Historia inatuachia namba moja nzuri sana ya kujikinga. Mwaka 1963 Heller na Clermont waliopima jinsi mbegu inavyotengenezwa waligundua inachukua takriban siku 74, na bado kuna wiki kadhaa za kukomaa na kusafiri. Ni kama miezi mitatu. Kwa hivyo mtu yeyote anayekuahidi kitu ndani ya siku saba, hata kama ana koti jeupe, anakupiga. Mbegu utakazozitoa wiki ijayo zilianza kutengenezwa kabla hujamjua huyo muuzaji.

Kwa hivyo nifanye nini, utaniuliza. Kama mmejaribu mwaka mzima bila kinga na hakuna kitu, nendeni hospitali pamoja. Nimesema pamoja. Kipimo cha shahawa ndicho kipimo rahisi kuliko vyote kwenye hii safari. Vya mwanamke ni vingi na vingine vinauma. Kikitoka vibaya kinarudiwa, kwa sababu tumeshasema mbegu hupanda na kushuka. Daktari atatafuta vitu vinavyotibika: kisonono na klamidia, ambazo madereva na wasichana wa Maungu na Voi wanazijua vizuri, mishipa ya korodani iliyovimba, busha, shida za homoni. Acha sigara. Punguza jani. Punguza pombe. Acha sindano za jimu. Nyanya na maembe ya Taveta kula kwa sababu ni tamu na ni chakula. Hayahitaji kuwa dawa.

Na ikibidi, kuna njia nyingine. Watoto wa kwanza wa IVF Kenya walizaliwa Nairobi Mei 2006, chini ya Dkt. Joshua Noreh. Ni ghali, wengi wetu hatuiwezi, na hilo ni suala la kisiasa ambalo tunapaswa kulipigia kelele kama tulivyopigia muguka. Kuna pia kulea mtoto wa ndugu au wa kuasili, kitu ambacho mababu zetu walifanya bila kukiita jina kubwa.

Ndugu yangu, sikulaumu kwa kununua kopo. Ulinunua kwa sababu ulikuwa na hofu, na muuzaji ndiye mtu pekee aliyekubali kuiongelea hofu hiyo bila kukucheka. Lakini pesa ya kopo la pili, kabla hujaitoa mfukoni, ulizia bei ya kipimo kwanza. Na ukienda, usiende peke yako. Mwambie mkeo: safari hii tunaanza na mimi.